Unanyonyesha na hujaona siku zako? Hivi ndivyo utakavyojua kama mimba inaweza kuingia

Nianze na yaliyonikuta mimi maana ndio yalinifanya nianze kusoma haya mambo. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi 9, bado ananyonya, hedhi sijaiona tangu nijifungue, nikawa nimekaa na amani zangu kabisa kwamba maziwa yananilinda. Nikaanza kuchoka choka, nikasema kulea huko. Mtoto akawa anashika ziwa anaachia, anashika anaachia, analia, nikasema meno yanamsumbua. Nilipokuja kupima naambiwa mimba ina wiki 14. Yaani kati ya mtoto wa kwanza na wa pili sikuona hedhi hata tone moja. Tuliporudisha hesabu na nesi tukakuta iliingia pale pale mtoto alipotimiza miezi 6, nimemuanzishia chakula na yeye ndio kwanza ameanza kulala usiku kucha, na mimi nikawa nashukuru jamani nimepata usingizi.

Nampenda huyo wa pili sana, ila mwili wangu haukuwa tayari na hakuna mtu aliyewahi kunikalisha chini akanieleza hili jambo likaeleweka. Wengi tunaambiwa nusu nusu, mmoja anakwambia ukinyonyesha hushiki mimba, mwingine anakwambia huo uongo usidanganyike, na wote wawili wana ukweli wao. Kunyonyesha kunazuia mimba kweli kweli, ila kwa masharti, na masharti yakivunjika mwili haukupigii kengele.

Kwanza elewa kinachoendelea mwilini

Usiruke hapa maana ukishaelewa hii sehemu hatua zote za mbele zinajieleza zenyewe.

Mtoto anapovuta chuchu, mishipa ya fahamu iliyopo pale inapeleka habari mpaka kwenye ubongo, kwenye sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi. Moja ya kazi za hiyo sehemu ni kutoa homoni inayoitwa GnRH kwa midundo, inatoa inanyamaza, inatoa inanyamaza, na ule mdundo ndio unaoiamsha tezi ya pituitari itoe homoni mbili, FSH na LH, ambazo ndio zinakuza yai kwenye ovari, yaani mfuko wa mayai, mpaka lipevuke na kutoka. Sasa ukinyonyesha mara kwa mara ule mdundo unavurugika, LH inakosa mpangilio, yai linaweza kuanza kukua lakini linaishia njiani. Yai halijatoka, ukuta wa mji wa mimba haujajengeka vizuri, hedhi haiji.

Prolaktini ndio homoni inayotengeneza maziwa, na inapanda kila mtoto anaponyonya, usiku inapanda zaidi kuliko mchana. Wengi wanaipa yenyewe sifa zote, lakini kitu kikubwa ni kule kunyonya kwenyewe, ni mara ngapi na kwa kupishana saa ngapi. Ndio maana mama wawili wanaweza kuwa na maziwa tele wote, mmoja akae mwaka mzima bila hedhi na mwenzake ikarudi mwezi wa tatu. Alafu kuna oksitosini, hiyo ndio inayosukuma maziwa yatoke, na ndio inayokufanya zile siku za mwanzo ukimpa mtoto ziwa usikie tumbo la chini linakaza, mji wa mimba unarudi kwenye saizi yake.

Mwaka 1980 watafiti Melvin Konner na Carol Worthman waliandika kuhusu watu wa !Kung waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini kwenye jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika. Mama zao walikuwa wananyonyesha mara kadhaa ndani ya saa moja, dakika chache chache tu kila mara, na watoto walipishana kwa wastani wa miezi 44 hivi, bila kidonge wala sindano. Hawakuwa na maziwa ya ajabu, mtoto alikuwa hakai mbali na ziwa muda mrefu, basi.

Hatua ya 1: jiulize maswali matatu, leo hii

Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakapitia tafiti za nchi mbalimbali wakakubaliana kwamba mama anayenyonyesha ana kinga ya asilimia 98 au zaidi dhidi ya mimba ikiwa haya matatu yapo YOTE kwa pamoja:

- Mtoto hajatimiza miezi 6.
- Hedhi haijarudi tangu ujifungue.
- Mtoto ananyonya ziwa tu, au karibu ziwa tu, mchana na usiku. Matone ya dawa au vitamini hayaharibu kitu, chupa ya maziwa ya kopo kila siku inaharibu.

Asilimia 98 ni kubwa, inashindana na njia nyingi tu za uzazi wa mpango. Lakini shika hilo neno pamoja. Likitoka moja tu, hata kama mengine mawili yapo, ile kinga haipo tena. Sio kwamba unashika mimba kesho yake, hapana, ila ile namba uliyokuwa unaitegemea haikuhusu tena. Mimi nilikuwa na moja tu kati ya matatu, hedhi haijarudi, nikaliegemea hilo hilo.

Chukua kalenda kwenye simu, weka tarehe mtoto atakapotimiza miezi 5 na alamu iite. Miezi 5 sio 6, utaona kwanini.

Na kama hunyonyeshi kabisa, au ulinyonyesha wiki moja ukaacha, haya masharti hayakuhusu hata kidogo. Mama asiyenyonyesha yai lake linaweza kutoka mapema sana, karibu wiki ya 4 baada ya kujifungua, ndio maana inashauriwa kinga ianze ndani ya wiki 3. Wiki 3! Wengine hapo bado wanahesabu maumivu ya nyuzi.

Hatua ya 2: jua damu ipi ni hedhi na ipi sio

Ile damu ya nifasi inayotoka baada ya kujifungua inaweza kwenda wiki kadhaa, inapungua, inarudi kidogo ukifanya kazi nzito, inabadilika rangi, hiyo sio hedhi. Kwa mama anayenyonyesha ziwa tu, damu yoyote kabla ya siku 56 haihesabiwi kuwa hedhi. Baada ya hapo ukiona damu siku mbili mfululizo, chukulia hedhi imerudi, hata kama ni kidogo, hata kama mwezi unaofuata haikuja. Usianze kujipa moyo kwamba labda ni uchovu.

Sasa hapa ndio penyewe, soma taratibu. Yai linatoka KABLA ya hedhi. Hedhi ni matokeo ya yai lililotoka likakosa mimba, inakuja kama wiki mbili baadae. Kwahiyo mtu anayesema nasubiri nione siku zangu ndio nianze kujikinga, anasubiri kitu ambacho kinakuja nyuma ya hatari. Ni kweli miezi ya mwanzo mama wengi wanaonyonyesha ile damu ya kwanza inakuja bila yai kutoka, au yai linatoka lakini awamu inayofuata ni fupi na dhaifu, homoni ya projesteroni haitoshi kushikilia mimba, mwili unajaribu jaribu kwanza. Ila kadri unavyokaa muda mrefu bila hedhi ndivyo uwezekano unavyoongezeka kwamba yai la kwanza litatangulia hedhi ya kwanza. Mtu wa miezi 10 bila hedhi yuko kwenye hatari kuliko alivyokuwa miezi 3 bila hedhi, ingawa yeye anajiona kazoea na yuko salama zaidi.

Hatua ya 3: hesabu saa, usihesabu siku

Chukua karatasi, kwa saa 24 andika kila mara mtoto anaposhika ziwa. Usikadirie kichwani, andika, maana wote tunajidanganya. Mfano wa usiku mmoja: saa 2 usiku, saa 5, saa 9, saa 12 asubuhi. Hapo nafasi kubwa kuliko zote ni saa 4, mama huyu yuko vizuri. Mfano mwingine: saa 3 usiku, alafu saa 11 alfajiri. Masaa 8 matupu. Huyo hata kama mchana kutwa mtoto yuko kifuani, ule usiku ni mlango ulioachwa wazi.

Kipimo kinachotumika ni kwamba mchana zisipite saa 4 na usiku zisipite saa 6 bila kunyonyesha. Zikianza kupita mara kwa mara, wewe chukulia sharti la tatu limetoka. Vitu vinavyosababisha hii bila mtu kujua: nyonyo bandia inayomtuliza mtoto badala ya ziwa, mtoto kuhamia chumba kingine, maji anayopewa katikati ya mchana kwa sababu ya joto (na chini ya miezi 6 hahitaji maji kabisa, maziwa yana maji ya kutosha), safari, mtoto kuugua akagoma kunyonya siku mbili tatu, wewe kurudi kazini.

Kuhusu kazi niseme kidogo. Kukamua kwa pampu au kwa mkono kunasaidia maziwa yasikauke na mtoto anaendelea kupata maziwa ya mama, kwahiyo endelea nako. Ila kwenye kuzuia mimba pampu hailingani na mdomo wa mtoto. Utafiti uliofanyika Chile kwa mama wanaofanya kazi, wanakamua na watoto hawapewi kitu kingine, ulikuta ndani ya miezi 6 kama mama 5 kati ya 100 walishika mimba. Sio janga, lakini sio wale 2 au chini ya hapo kati ya 100 tena. Ukirudi kazini ongeza njia nyingine.

Hatua ya 4: chagua njia ya kufuata kabla hujaihitaji

Ndio ile alamu ya miezi 5. Ukifikisha 6 ndio uanze kuulizia, utakuta kliniki foleni, umeahirisha, mtoto ana homa, wiki nne zimepita. Unaruhusiwa kuanza njia nyingine hata masharti matatu bado yapo, hakuna anayekuzuia.

Kitanzi cha kopa (shaba) hakina homoni, kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, au ukisubiri basi kuanzia wiki ya 4. Hakigusi maziwa. Vijiti vya mkononi na vidonge vya projesteroni tupu vinafaa kwa anayenyonyesha, ila hivyo vidonge vinataka nidhamu, kila siku muda ule ule na hakuna wiki ya kupumzika. Sindano ya miezi mitatu kwa anayenyonyesha inashauriwa isubiri wiki 6, na ujue ukija kuiacha yai linaweza kuchelewa kurudi kwa miezi, kwahiyo kama unataka mtoto mwingine mapema ifikirie mara mbili. Kondomu muda wowote, na ndio pekee hapa inayokulinda na maambukizi pia, kwa sababu kunyonyesha hakukingi na HIV wala ugonjwa wowote wa zinaa.

Ambavyo sio vya kukimbilia ni vile vidonge vya kawaida vyenye homoni ya estrojeni. Wiki 6 za kwanza kwa anayenyonyesha havitumiki kabisa, damu baada ya kujifungua inaganda kirahisi na estrojeni inaongeza hiyo hatari. Mpaka miezi 6 bado havishauriwi maana vinaweza kupunguza maziwa. Mtu akikugawia vya kwake usimeze, angalia kwanza ni aina gani. Na ikitokea mmeteleza, vidonge vya dharura vya levonorgestreli vinaruhusiwa kwa anayenyonyesha, wahi ndani ya saa 72, mapema ndio bora.

Kabla sijaondoka hapa, kuna kitu hatuambiani. Ukinyonyesha estrojeni inakuwa chini, na estrojeni ikiwa chini uke unakuwa mkavu, tendo linauma, hamu inaisha, na mwanamke anabaki anajilaumu au mume anadhani kachokwa. Ni homoni tu dada. Tumieni kilainishi cha maji, cha mafuta hapana maana kinaharibu kondomu, na nendeni taratibu, hali inabadilika mtoto akipunguza kunyonya. Tendo lenyewe haliharibu maziwa, shahawa hazina njia ya kufika kwenye ziwa.

Hatua ya 5: kama wewe ndio unaitafuta mimba

Upande wa pili wa shilingi, kuna mama ana mtoto wa mwaka na nusu, anataka mwingine, umri unakwenda, hedhi haijarudi na kila mtu anamwambia mwachishe. Sio lazima umwachishe kabisa. Kumbuka kinachozuia ni kunyonya mara nyingi na usiku, kwahiyo anza na usiku. Ongeza nafasi ya usiku taratibu mpaka ipite saa 6, subiri wiki chache, alafu punguza mara moja mchana. Wanawake wengi hapo hedhi inarudi na mtoto bado ananyonya asubuhi na jioni.

Wakati huo chunguza ute. Baada ya miezi ya ukavu ukianza kuona ute mwepesi, unaoteleza na kuvutika katikati ya vidole kama ute wa yai bichi, ovari imeanza kuamka. Ukiona chuchu zinauma ghafla mtoto akinyonya, au maziwa yanapungua siku chache kabla ya damu alafu yanarudi, nazo ni dalili mzunguko umeanza. Mizunguko ya kwanza inaweza kuwa mifupi au kukosa mpangilio, ipe miezi michache kabla ya kuogopa. Kipimo cha mimba cha mkojo hakidanganywi na kunyonyesha, ukihisi pima.

Kuna dawa zinazoshusha prolaktini, kama bromokriptini na kabergolini. Usizinywe kwa kusikia tu, zinakausha maziwa na zina madhara yake, hizo ni za daktari akishakupima.

Na mapumziko, tafadhali. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua mtoto aliye hai ndio ujaribu mimba nyingine, kwa ajili ya damu yako na kwa ajili ya uzito wa huyo anayekuja. Hata mifupa inahitaji muda, unaponyonyesha inatoa madini yake na kupungua uzito kwa asilimia chache, alafu inajijenga tena ukishaachisha. Kunyonyesha kwenyewe kunakurudishia kitu, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2002 uliokusanya tafiti 47 za nchi 30 uliona kila miezi 12 ya kunyonyesha inashusha hatari ya kansa ya matiti kwa asilimia 4.3, na ya ovari nayo inashuka.

Hatua ya 6: lini uende kwa daktari

Umeachisha kabisa, imepita miezi 3, hedhi hakuna na mimba hakuna, nenda. Umeachisha muda mrefu na maziwa bado yanatoka yenyewe, hasa kama kuna kichwa kuuma au macho kuona vibaya, nenda, prolaktini ipimwe. Na hili wachache wanalijua: kama ulitoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa hayakutoka kabisa, alafu miezi inapita hedhi haijarudi, unachoka na kusikia baridi kila wakati, mwambie daktari hiyo historia yote kwa mpangilio huo huo. Damu ikipotea nyingi pituitari inaweza kuumia, na inatibika kwa kurudishiwa homoni, ila mtu asipounganisha kujifungua na hali ya sasa inaweza kuchukua miaka kugundulika.

Ikiwa imeshaingia na bado unanyonyesha

Usishtuke ukamvua mtoto ziwa siku hiyo hiyo. Kwa mimba inayoenda vizuri kunyonyesha kunaendelea bila shida, maziwa hayawi sumu. Kama umewahi kujifungua kabla ya wakati, unatoka damu au tumbo linakaza, ongea na daktari kwanza. Maziwa yanapungua kadri mimba inavyokua, ladha inabadilika, baadae yanageuka kuwa yale ya mwanzo ya njano kwa ajili ya mtoto anayekuja, na ukiwanyonyesha wote wawili mchanga atangulie. Aliye chini ya mwaka 1 akipungukiwa anahitaji maziwa mengine, panga hilo na kliniki na uwe unampima uzito.

Mimi wangu aliacha mwenyewe mimba ikiwa mwezi wa 5. Nilikaa kitandani asubuhi nikampa kama kawaida, akavuta mara mbili, akaniangalia usoni, akashuka akaenda kutafuta kiatu chake.